Kasuku akipiga hodi, anamwita nani?

Mikindani, kule Mtwara, kuna nyumba ambayo ukipiga hodi huitikiwi mara ya kwanza. Si kwamba wenyewe wamekosa adabu, wamechoka. Kwa miaka sasa kasuku wao anapiga hodi tangu alfajiri, kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyetembea kutoka mbali. Kila mara mtu katoka jikoni anafuta mikono kwa khanga, kafika barazani hakuti mtu. Ni ndege tu ndani ya tundu, kalaza kichwa upande mmoja, anamtazama. Siku hizi mgeni wa kweli inabidi ajieleze: "Hodi, ni mimi, wa Magengeni."

Ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Mwenye nyumba, mzee aliyevuka miaka sabini, aliachiwa na marehemu kaka yake aliyekuwa baharia. Vibali vyake viko kwenye bahasha moja na hati ya shamba la mikorosho, na nitaeleza huko mbele kwa nini vinahitajika. Nimekunywa kahawa nyingi kwenye baraza ile, na mabishano huwa ni yale yale: huyu ndege anaelewa anachosema, au anatoa sauti tu? Mzee anashikilia kwamba anaelewa kuliko baadhi ya wajukuu zake. Jirani yake, mwalimu mstaafu, anasema ni ukariri mtupu, na shahidi wake ni Kiswahili chenyewe: mwanafunzi aliyemeza daftari zima bila kujua maana yake, si tunasema kakariri kama kasuku?

Mwalimu ana hoja, lakini usemi huo umemwonea ndege kidogo.

Tuanze na sauti yenyewe, maana hapo pana ajabu yake. Sisi tunatengeneza sauti juu kooni, kwa nyuzi za sauti, kisha maneno tunayachonga kwa ulimi, meno na midomo. Kasuku hana nyuzi hizo, hana meno, na mdomo wake ni mgumu kama kifuu. Chombo chake cha sauti, wataalamu wanakiita sirinksi, kiko chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Lakini ana ulimi mnene, wenye misuli, na anausogeza mbele na nyuma kubadilisha sauti inapopita, karibu kama tunavyofanya sisi. Ndiyo maana "baba" na "pilau" zinamtoka vizuri ingawa hana midomo ya kufumba.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba anajifunza. Jogoo aliyetotolewa kwenye mashine, asiyewahi kusikia jogoo mwenzake, siku yake ikifika atawika tu. Wimbo kazaliwa nao. Kasuku hazaliwi na wimbo kamili, anausikiliza kwa wakubwa. Katika ndege wote, uwezo huo wa kuiga sauti mpya unajulikana vizuri kwenye makundi matatu: kasuku, ndege waimbaji, na wale ndege wavumaji wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya ua. Mwaka 2011 watafiti waliowarekodi kasuku wadogo wa kijani huko Venezuela walionyesha kwamba wazazi huanza kuwapa makinda milio yao wakiwa bado kiotani, kila kinda na wake, na kinda akikua mlio huo ndio anaoitwa nao na kujitambulisha nao. Kwa maneno mengine, wana majina, na majina hayo wanapewa na wazee wao.

Sasa mchukue ndege wa namna hiyo, aliyeumbwa kuishi na wenzake kwa makumi na mamia, umweke barazani peke yake na watu sita, mbuzi watatu na redio. Atatafuta kundi lake liko wapi, na atajifunza lugha ya kundi hilo. Kundi lenyewe ni ninyi. Kasuku hasemi "hodi" kwa kuwa anapenda Kiswahili. Anasema kwa kuwa anatafuta kuwa wa nyumba.

Je, anajua maana? Hapa hatuna budi kwenda Marekani, kwa ndege mmoja ambaye mabishano yote ya dunia juu ya jambo hili yanampitia. Mwaka 1977 mwanasayansi Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu wa kama mwaka mmoja kwenye duka la wanyama, Chicago. Akamwita Alex. Alimwachia mwuzaji achague ndege yeyote, ili baadaye asije mtu akasema alitafuta mwenye akili kupita wenzake.

Njia ya kumfundisha ndiyo iliyoleta tofauti. Wengine kabla yake walikuwa wakimfungia ndege, wanamsikilizisha maneno, akitamka sawasawa wanampa punje. Kwa njia hiyo ndege anajifunza kwamba neno lolote ni ufunguo wa punje. Pepperberg aliweka watu wawili mbele ya Alex. Mmoja anashika kitu, anauliza: hii nini? Mwingine anajibu. Akipatia anapewa kitu chenyewe, akikosea kinafichwa na anakaripiwa. Kisha wanabadilishana nafasi. Alex anatazama, anaona wivu, anataka naye aingie mchezoni. Akisema "ufunguo" anapewa ufunguo, hapewi karanga. Neno linafungwa na kitu chake.

Kwa miaka thelathini alijifunza kutaja vitu zaidi ya hamsini, rangi saba, maumbo matano, na kuhesabu hadi sita. Ukimwonyesha vitu viwili ukamwuliza vinatofautiana kwa nini, anajibu "rangi" au "umbo", na visipotofautiana anasema "hakuna". Neno hilo la "hakuna" baadaye alilihamisha mwenyewe: alipoulizwa rangi ipi kwenye sinia ina vitu idadi fulani, na hakukuwa na rangi yenye idadi hiyo, akajibu "hakuna". Alikufa tarehe 6 Septemba 2007, akiwa na miaka 31.

Mwalimu wetu wa Mikindani angeuliza swali lake hapa, na ni swali zuri: huenda ndege anasoma uso wa anayeuliza? Swali hilo lina historia. Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo farasi aliyeitwa Hans, akigonga kwato kujibu hesabu, watu wakashangaa kweli kweli. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa akitazama mwili wa mwulizaji. Kwato zikifikia idadi sahihi, mwulizaji bila kujijua analegea kidogo, na farasi anaacha. Mwulizaji akiwa hajui jibu, na farasi naye hajui. Tangu hapo kila anayedai mnyama wake ana akili anaulizwa kuhusu Hans. Pepperberg alijikinga kwa kuchanganya maswali ya aina mbalimbali kwenye kikao kimoja na kutumia watu tofauti kumpima. Tena kulegea kwa bega kunaweza kumwambia farasi aache kugonga, lakini hakuwezi kumpa ndege neno "kijani". Hata hivyo Pepperberg mwenyewe hakusema kwamba Alex ana lugha kama yetu. Alizungumzia mawasiliano, na kuwa anatumia maneno yenye maana.

Na ubongo uliofanya yote hayo haukuzidi kungu moja. Watu walidhani ukubwa ndio kila kitu, hadi mwaka 2016 seli za ubongo wa ndege zilipohesabiwa. Ikaonekana zimebanana mno: ubongo wa kasuku una seli za neva karibu mara mbili ya ubongo wa kima wenye uzito uleule. Ni kama nyumba zilizobanana za Mikindani na nyumba zenye nafasi za Shangani. Eneo lile lile, familia hazilingani.

Kwa upande wa pili, tusimpe ndege zaidi ya haki yake. Mwaka 2008 huko Nagareyama, Japani, kasuku aliyepotea alipelekwa polisi, akanyamaza. Akapelekwa kwa daktari wa wanyama, akakaa siku chache, kisha akajitaja jina na kutoa anwani ya nyumbani kwao hadi namba ya nyumba, akarudishwa. Watu wakasema ametaja anwani. Mimi nasema alitoa sauti aliyofundishwa nyumbani, na watu ndio waliojua kuwa ni anwani. Ramani ya mtaa hakuwa nayo kichwani.

Tofauti hiyo ndiyo fundo la jambo zima. Kuna neno ambalo ndege analimiliki, na kuna neno ambalo amelibeba tu.

Rudi sasa barazani. Kwetu "hodi" ni kuomba ruhusa ya kuingia. Kasuku wa mzee hataki kuingia popote, yumo tayari. Lakini amechunguza: sauti hii ikitoka, binadamu hutoka. Haikosei. Kwa hiyo anaitumia, na haitumii ovyo. Nimemtazama. Watu wakiwa wamejaa barazani hapigi hodi hata mara moja. Anaanza pale wote wanapoingia ndani. Kwake "hodi" maana yake ni "njooni". Ameikosea kamusi, ila matumizi kayapata. Kwa hiyo mzee anakosea akidhani ndege anabisha hodi, na mwalimu anakosea akidhani ndege hana analokusudia.

Kwa sababu hiyohiyo matusi yanawanasa kasuku haraka kuliko salamu. Tusi linasemwa kwa nguvu, na ndege akilirudia watu wanacheka. Kicheko ndicho mshahara. Mwaka 2020 hifadhi moja ya wanyama ya Lincolnshire, Uingereza, ililazimika kuwatenganisha kasuku watano wa kijivu waliokuwa wakiwatukana wageni, kwa kuwa wageni walicheka na ndege wakaongeza bidii. Vijana wa mtaa walimfundisha huyu wa Mikindani neno moja juu ya wakwe ambalo sitaliandika. Dawa ni kunyamaza tu, usicheke wala usigombe, maana hata kugombezwa ni kuangaliwa.

Ukisoma hadi hapa ukatamani kasuku, kwanza ujue ni kasuku yupi, maana neno letu limebeba ndege wengi. Wa kijivu hana asili ya huku. Nyumbani kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, na kwa Tanzania anafikia ukingo wa kaskazini magharibi tu, upande wa Kagera. Wa kwetu, Mtwara na Lindi, ni yule wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, akiruka unaona njano chini ya bawa. Yuko kwenye minazi na mibuyu, anapiga kelele kuliko umbo lake. Mtoto wa kijijini akimkamata anadhani amepata kasuku wa kuzungumza. Hajampata. Jamii hiyo huzungumza kidogo mno. Atakachopata ni ndege mwenye hofu na kidole kilichong'atwa.

Na wote hao, sheria inawahusu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na ndege wamo. Kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA. Kwa kasuku wa kijivu kuna zaidi: mkutano wa nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimpandisha kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, kuanzia Januari 2017, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikafungwa. Sababu haikuwa ya mezani. Wategaji wanapaka ulimbo kwenye matawi karibu na ndege wa chambo, wananasa kundi kwa mara moja, na wengi wanakufa njiani kabla ya kufika sokoni. Ghana, ambako zamani walijaa, watafiti wamekadiria kwamba kati ya asilimia 90 na 99 wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu akikufuata gulioni na kasuku wa kijivu ndani ya kapu, bila karatasi, achana naye, hata kama roho inauma kwa kumhurumia ndege. Ukimnunua huyo, mwuzaji anarudi kutega mwingine.

Anayetaka ndege wa kusema bila kugusa pori ana njia ndogo: wale kasuku wadogo wa Australia, wanaozaliana ndani ya matundu kwa vizazi vingi. Usiwadharau. Rekodi ya Guinness ya ndege mwenye maneno mengi ilishikwa na mmoja wao, Puck wa California, maneno 1,728. Sauti yake ni ya haraka haraka kama redio iliyokosa stesheni, lakini ni maneno.

Sasa matunzo, na hapa nasema mambo ya kwetu, maana maelekezo mengi yameandikwa na watu wasiojua msimu wa korosho.

Pafu la ndege si kama letu. Hewa inapita humo na kwenye vifuko vingine mwilini kwa mkondo mmoja, anafyonza kila kilichomo, kizuri na kibaya. Kati ya Juni na Agosti, wakulima wanapopuliza salfa kuzuia ubwiriunga, vumbi lake linaelea hadi majumbani. Tundu lisikae nje upande wa shamba siku hizo. Kubangua korosho kienyeji uani ni hatari zaidi: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya mtu, sembuse moshi wake ndani ya kifua cha ndege wa nusu kilo. Mkaa jikoni, hivyo hivyo. Na vile vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, kikisahauliwa motoni kitupu kikapata moto mkali, hutoa gesi isiyo na harufu ya kukustua wewe, lakini ndege wa chumba cha pili anaweza kufa kwa dakika chache.

Chakula ndipo upendo unapoua. Watu wanampa alizeti na karanga mwaka mzima, kwa kuwa anazipenda. Ni mafuta matupu, anakosa vitamini A, anakosa madini ya chokaa, na kasuku wa kijivu hasa akipungukiwa chokaa anapata kifafa. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, ini lake haliwezi. Mpe mchicha, majani ya maboga, karoti, papai, embe, wali wa jana kidogo, hata pilipili mbichi. Haimwashi, ndege hawana kipokeo cha ule mwasho. Korosho mbili tatu zisizo na chumvi, kama zawadi. Ule mfupa mweupe wa dome, ndugu wa ngisi, unaookotwa ufukweni, ukauosha, ukauchemsha na kuukausha juani, ni chokaa ya bure kabisa. Madukani Ulaya wanaununua. Parachichi kamwe, ni sumu kwake. Chokoleti na kahawa pia, ingawa wa mzee anaiombea kahawa kila jioni kwa kukohoa kama mzee anavyokohoa kabla ya kunywa.

Kama una kuku uani, chanja kuku. Mdondo unampata kasuku vilevile, na anaweza kubaki na virusi muda mrefu akionekana mzima. Nawe mwenyewe ukipata homa na kifua kisichopona, mwambie daktari una kasuku. Kuna bakteria wa ndege hawa anayeleta nimonia kwa watu, na dawa yake ipo, ila daktari asiyejua kuna ndege nyumbani hataiwaza. Mwenye pumu afikirie mara mbili: kasuku wa kijivu anatoa unga mweupe kwenye manyoya kila siku.

Yote hayo ni rahisi. Gumu ni upweke. Kasuku aliyeachwa peke yake hanyamazi tu, huanza kujinyofoa manyoya, kwanza kifuani, mpaka abaki kama kuku aliyechinjwa huku kichwa kina manyoya yote, maana kichwa mdomo haukifikii. Wakati mwingine ni ugonjwa au chakula, kwa hiyo aonwe na daktari wa mifugo kwanza. Lakini mara nyingi ni kwamba kundi limeondoka. Anahitaji masaa ya watu kila siku, vitu vya kutafuna na kufumbua, kisha giza na utulivu wa masaa kumi hadi kumi na mawili kila usiku, si tundu kando ya televisheni hadi saa sita.

Na anahitaji hayo kwa muda gani? Akitunzwa vizuri, miaka 40 hadi 60. Swali hili watu hawajiulizi dukani. Mzee wangu alilipiga hesabu mwaka jana, barazani, kwa vidole. Ndege ana kama miaka kumi na minane. Yeye anajua ana mingapi. Mwanawe wa Masasi alisema mdogo mdogo kwamba nyumba yake ni ya kupanga. Binti wa Dar es Salaam alisema hapana, bila udogo.

Sasa mjukuu wa miaka tisa anafanyia kazi za shule kwenye mkeka chini ya tundu, kila siku baada ya alasiri. Yeye ndiye anayelisha, yeye ndiye anayeitikia. Babu anakaa mbali makusudi, na najua inamuuma. Juzi nilipita kumsalimu. Ndege akapiga hodi, mtoto hakuinua hata kichwa: "Subiri, namaliza hesabu." Ndege akanyamaza. Penseli ikaendelea. Halafu kutoka ndani ya tundu, kwa sauti ya mtoto: "Subiri."